Mwalimu wa Umma: Maalim Seif Sharif Hamad na Siasa ya Ujirani Kisiwani Pemba

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, mara nyingi fikira zetu hukimbilia ngoma, mavazi, mapishi na mashairi. Lakini namna watu wanavyokutana na kushauriana, namna wanavyogombana na namna wanavyopatana baada ya ugomvi, nayo ni sehemu kubwa ya utamaduni wao, na pengine ndiyo sehemu inayozibeba nyingine zote. Katika makala haya twakusudia kuutazama uongozi wa Maalim Seif Sharif Hamad, mwanasiasa wa Kipemba aliyezaliwa Mtambwe Nyali mwaka 1943 na kufariki dunia mwaka 2021. Tutautazama tukiwa tumesimama Msuka, kaskazini mwa kisiwa, kwa kuwa vijiji vya namna hiyo ndivyo vilivyoubeba uzito wa siasa yake, na ndivyo pia vilivyolipa gharama yake.

Msuka iko katika Wilaya ya Micheweni, upande wa kaskazini-magharibi wa Pemba, si mbali na Msitu wa Ngezi na Ras Kigomasha. Hapo pana magofu ya msikiti wa kale ambao katika kibla chake umechorwa mwaka 816 wa Hijria, yaani 1414 Miladia. Maana yake ni kwamba karne nyingi kabla ya utawala wa Maomani, kabla ya Waingereza na kabla ya chama chochote cha siasa, watu wa mahali hapa walikwisha kuwa na umoja wao: wakisali pamoja, wakizikana na kugawana riziki ya bahari. Ardhi ya upande huu wa Micheweni ina mawe mengi, na haikujaaliwa mikarafuu kama ile ya Wete na Mkoani. Kwa hiyo wenyeji wake wameishi kwa uvuvi, kwa muhogo, na kwa kibarua cha kuchuma karafuu za wengine msimu unapofika. Mtu wa mahali kama hapa hawezi kuishi peke yake. Chombo hakishuki pwani bila mikono ya jirani, na maiti haendi kaburini bila mabega ya watu.

Yafaa tukumbuke kwamba Pemba iliingia katika siasa ya vyama mapema, na kwa uchungu. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuwa ghala la utajiri wa visiwa hivi. Ulipokuja uchaguzi wa miaka ya mwisho ya ukoloni, Pemba ndiyo iliyokuwa mizani. Katika uchaguzi wa Januari 1961 chama cha Afro-Shirazi kilipata viti 10, chama cha Hizbu viti 9, na chama cha ZPPP cha Sheikh Muhammed Shamte, ambacho nguvu zake zilikuwa Pemba, viti 3. Jimbo la Chake Chake lilipatikana kwa kura moja tu. Wabunge wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, na serikali ikashindwa kuundwa. Ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni mwaka ule ule, nao ukaandamana na fujo zilizoua watu 68 kisiwani Unguja. Hivyo Wapemba walijifunza mambo mawili kwa mara moja: kwamba kura ya mtu mmoja ina uzito, na kwamba chama kinaweza kuwatenga watu waliokula sahani moja.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliifunga milango ya ushindani wa vyama, na hadi mwaka 1980 Zanzibar haikuwa na uchaguzi wa wawakilishi. Katika kipindi hicho Seif Sharif alikuwa mwalimu. Alikuwa amemaliza masomo ya sekondari Unguja mwaka 1963, akasomesha katika skuli ya Fidel Castro kisiwani Pemba na katika chuo cha Lumumba mjini Unguja. Mwaka 1972 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1975 katika elimu ya siasa na utawala. Jina la Maalim, ambalo umma haukumvua hadi kufa kwake, linatokana na kazi hiyo ya ubao na chaki. Wala si jina la heshima tupu. Tukizichunguza hotuba zake tutaona alivyozipanga kama somo: kwanza jambo lenyewe, kisha sababu yake, kisha mfano, na mwisho swali la kuwaachia wasikilizaji waende nalo nyumbani.

Alipotoka chuoni alichukuliwa kumsaidia Rais Aboud Jumbe. Mwaka 1977, kilipozaliwa Chama Cha Mapinduzi, akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar na mjumbe wa Kamati Kuu ya chama hicho. Baadaye akaongoza idara ya chama ya uchumi na mipango. Jumbe alipojiuzulu mwanzoni mwa 1984 na Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika urais wa Zanzibar, Maalim Seif aliteuliwa kuwa Waziri Kiongozi akiwa na umri wa miaka arobaini tu. Miaka ile haisahauliki visiwani. Maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa tena pale biashara ya kuingiza bidhaa ilipolegezwa, na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 ikaweka ndani yake haki za msingi za raia. Kwa watu wa Pemba, waliouona upungufu wa chakula wa mwanzo wa miaka ya 1970, na waliokuwa wakiiuzia serikali karafuu zao kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, kuona mtoto wa Mtambwe amekaa katika kiti kile kulikuwa na maana kubwa kupita mkate na sukari.

Hata hivyo hatuna budi kusema kwamba mwangaza huo haukudumu. Mwaka 1985 jina lake lilishindwa na la Mzee Idris Abdul Wakil ndani ya vikao vya chama, katika kumtafuta mgombea wa urais wa Zanzibar. Januari 1988 akaondolewa katika uwaziri kiongozi. Mwezi wa Mei mwaka ule akafukuzwa katika chama pamoja na wenzake kadhaa, na Mei 1989 akakamatwa. Alikaa kizuizini hadi Novemba 1991, muda wa miaka miwili na nusu.

Hapa ndipo ilipoanza kazi ambayo kwayo historia itamkumbuka zaidi, nayo ni kazi ya kuuandaa umma. Wenzake, wakiongozwa na Mzee Shaaban Khamis Mloo, walikuwa wameunda kamati iliyoitwa KAMAHURU kupigania mfumo wa vyama vingi. Mfumo huo uliporuhusiwa mwaka 1992, kamati hiyo iliungana na kundi la Bara la James Mapalala, kikazaliwa Chama cha Wananchi, CUF, chenye wito wa Haki Sawa kwa Wote. Chama hicho hakikuwa na viwanda wala hazina. Nguvu yake ilikuwa baraza: kipande cha ukuta au jamvi chini ya mti, ambapo wazee hukaa baada ya sala ya laasiri, wavuvi husimulia bahari ilivyoamka, na habari ya mjini hupimwa kabla ya kukubaliwa. Maalim na wenzake hawakulibuni baraza hilo, walilikuta. Walichokifanya ni kuliunganisha baraza moja na jingine, kutoka Mkoani hadi Msuka, mpaka yakawa kama nyavu moja.

Matokeo yalionekana Oktoba 1995. CUF ilitwaa viti vyote 21 vya Pemba, na katika Baraza la Wawakilishi ikapata viti 24 dhidi ya 26 vya CCM. Katika urais, Dakta Salmin Amour alitangazwa kushinda kwa asilimia 50.2 na Maalim Seif akapewa 49.8. CUF iliyakataa matokeo hayo, na wawakilishi wake wakasusia vikao vya Baraza.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka. Mgawanyiko wa kura ulishuka hadi kwenye mkeka wa msiba. Katika miaka ile Wapemba waliacha kununua katika maduka ya wenzao kwa sababu ya chama. Walikataa kuhudhuria harusi za wenzao na walikacha mazishi. Kwa jamii ambayo ndani yake kuzikana ni faradhi na kushikana mikono pwani ni riziki, huo ulikuwa ugonjwa wa roho. Silaha ile ile ya umoja wa baraza, iliyokiinua chama, iligeuka kuwa kisu cha kumkatia jirani aliyekuwa na rai nyingine. Upande wa pili nao haukuwa na mikono mitupu, kwani walikuwapo waliopoteza kazi na waliosumbuliwa kwa kushukiwa tu kuwa wapinzani.

Kisha ikaja Januari 2001. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000, ulioharibika hata ukarudiwa katika majimbo 16, CUF iliitisha maandamano. Tarehe 26 na 27 za mwezi huo vyombo vya dola vilifyatua risasi Unguja na Pemba, Micheweni ikiwa miongoni mwa mahali palipoumia. Tume iliyoundwa na serikali ilitaja vifo 31, na wengine wametaja idadi kubwa zaidi. Watu wapatao elfu mbili walivuka mkondo wa Pemba kwa vyombo vidogo hadi Shimoni nchini Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kuwapokea wakimbizi, ikawa ndiyo inayokimbiwa.

Baada ya siku zile kiongozi angeweza kuomba damu kwa damu, na wako ambao wangemwitikia. Maalim Seif alikaa mezani. Muafaka wa kwanza, uliotiwa saini Juni 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, ulikuwa umevunjika. Wa pili ukatiwa saini Oktoba 2001, nao pia haukutimizwa wote. Uchaguzi wa 2005 ukapita na malalamiko yale yale. Ndipo tarehe 5 Novemba 2009 alipokutana na Rais Amani Abeid Karume katika Ikulu ya Zanzibar, bila msuluhishi wa kigeni kati yao. Maridhiano hayo yalipelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi uliofuata ulikuwa wa amani. Dakta Ali Mohamed Shein alishinda kwa tofauti ndogo, na Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wapemba waliokuwa hawasemezani walirudi kuzikana.

Njia hiyo haikuwa nyoofu. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa kabla matokeo yote ya urais hayajatangazwa, na chama chake kikasusia uchaguzi wa marudio wa Machi 2016. Machi 2019, baada ya mgogoro wa uongozi ndani ya CUF kuamuliwa mahakamani, alihamia ACT-Wazalendo, na umma wa Pemba ukamfuata kwa wingi, ukishusha bendera moja na kupandisha nyingine. Uchaguzi wa 2020 nao ulikuwa na maafa na malalamiko. Pamoja na hayo, Desemba 2020 alikubali tena kuingia serikalini kama Makamu wa Kwanza, chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, akazikwa kwao Mtambwe.

Wako wanaouliza: subira hiyo iliwafaa nini watu wa Msuka? Aligombea urais mara sita na hakuapishwa hata mara moja. Muafaka mbili zilivunjika. Waliozika watoto wao mwaka 2001 walitakiwa wasubiri, na waliposubiri wakaambiwa wasubiri tena. Swali hilo ni la haki, wala hatulijibu kwa kulidharau. Wako pia wanaosema kwamba ususiaji wa vikao na chaguzi uliwaacha Wapemba nje ya mlango pale mambo yao yalipokuwa yakiamuliwa. Hilo nalo lina ukweli ndani yake.

Sisi twaona kwamba uongozi wake una sehemu mbili ambazo hazitenganiki. Sehemu ya kwanza ni ile ya kuwakusanya wanyonge na kuwafundisha kwamba kura yao ni mali yao. Ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni kuwazuia wasilitumie kundi lao kuuvunja ujirani uliowalea. Alifanikiwa katika ya kwanza mapema mno, kabla ya kuimudu ya pili, na miaka ile ya kususiana mazishi ni ushahidi. Lakini alijifunza, na alipojifunza aliwafundisha na wengine. Kuingia Ikulu mwaka 2009 na kumshika mkono mtu ambaye wafuasi wako wanamwita adui kwataka ujasiri kuliko kuongoza maandamano, kwa kuwa lawama ya kwanza hutoka nyumbani.

Msikiti wa kale wa Msuka umebaki magofu, bali desturi iliyoujenga ingali hai: watu wa rai mbalimbali kusimama safu moja. Chama chochote, kiwe cha serikali au cha upinzani, kina wajibu wa kuitunza desturi hiyo, na serikali ina wajibu mkubwa zaidi, kwa sababu subira ya raia si mgodi usiokwisha. Kura ikihesabiwa kwa haki, jirani hana sababu ya kumsusa jirani. Hilo ndilo somo ambalo Maalim aliliacha ubaoni, na vizazi vijavyo vitapimwa kwa jibu watakaloliandika chini yake.