Ridhaa na Wajibu: Kilichoviweka Hai Vyama vya Magazeti ya Ridhaa Nchini Marekani

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu chimbuko la magazeti ya ridhaa nchini Marekani ni maelezo ya mashine. Mwaka 1867 Benjamin Woods wa Boston alianza kuuza mashine ndogo ya kupigia chapa iliyoitwa Novelty, ambayo iliweza kuwekwa juu ya meza nyumbani, na miaka michache baadaye William Kelsey wa Meriden, Connecticut, akaingiza sokoni mashine zake za Excelsior. Vijana wa kiume, na wasichana wachache pamoja nao, wakaanza kujipatia fedha kwa kuchapa kadi na matangazo ya wenye maduka, kisha wakachapa magazeti yao wenyewe yenye kurasa ndogo. Kwa maelezo haya, penye mashine ya bei nafuu gazeti huzaliwa lenyewe. Makala haya yanadai kwamba hoja hiyo inaueleza mwanzo tu na kuuacha mwendelezo bila maelezo, na kwamba kilichoviweka hai vyama vya magazeti hayo ni wajibu wa kubadilishana: kila mwanachama alidaiwa kuandika, kusoma alichoandika mwenzake na kukijibu.

Neno “ridhaa” limetumika hapa kwa maana ileile ya ndondi za ridhaa, yaani kazi inayofanywa kwa kupenda na si kwa malipo. Katika Kiswahili neno hili halimaanishi kwamba mtu hajui kazi, bali kwamba amekubali kuifanya bila kulazimishwa. Maana hiyo inafaa zaidi kuliko dharau ambayo Waingereza na Wamarekani waliizoea katika neno lao “amateur”, na inaliweka wazi jambo linalopaswa kuelezwa, kwani watu walioingia kwa hiari kamili walijitungia masharti, kamati na ukaguzi ambao hakuna mwajiri aliyeuagiza.

Kuhusu matukio ya msingi wanahistoria hawatofautiani. Chama cha kitaifa, National Amateur Press Association, kiliundwa Philadelphia tarehe 4 Julai 1876, siku ambayo taifa lilikuwa likiadhimisha miaka 100 ya uhuru. Tofauti zinaanza pale sababu zinapotafutwa. Utafiti wa Paula Petrik wa mwaka 1992, ambao ni miongoni mwa tafiti makini zaidi katika uwanja huu, umeihusisha mashine ya kuchezea na ujana wa Kimarekani, na kipindi chake kinaishia mwaka 1886. Ukomo huo unatia shaka. Kama mashine na ujana ndivyo vilivyokuwa chanzo, ilikuwaje United Amateur Press Association ikaundwa mwaka 1895, na ilikuwaje katika miaka ya 1910 wanachama wengi hai wakawa watu wazima ambao mara nyingi waliwapelekea wengine kazi ya kuchapa? Tena sheria ya posta ya Machi 1879 ilikuwa imeweka sharti kwamba chapisho linalotaka nauli nafuu ya daraja la pili liwe na orodha halali ya wanunuzi wa kudumu, sharti lililoyabana magazeti yaliyogawiwa bure. Mashine ilibaki madukani, nauli ikapanda, na bado magazeti yaliendelea kutumwa.

Ugumu wa kazi yenyewe unapaswa kukumbukwa. Mpanga herufi alisimama mbele ya kisanduku chenye vijumba, akachukua kipande kimoja kimoja cha madini ya risasi, akakipanga katika kishikio cha mkononi huku herufi zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo, akajaza nafasi ili kila mstari uwe na urefu sawa, akafunga ukurasa ndani ya fremu ya chuma, akapaka wino na kuvuta wenzo kwa kila nakala. Ukurasa ulipokwisha, herufi zilirudishwa vijumbani moja baada ya nyingine ili ukurasa unaofuata uweze kupangwa. Furaha ya kumiliki kifaa kipya haitoshi kumfanya mtu arudie kazi hiyo mwaka hadi mwaka. Kinachotosha ni kujua kwamba nakala itafika kwa mtu fulani, ambaye gazeti lake limekwisha kuwasili na linasubiri jibu.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka kwa H. P. Lovecraft wa Providence, ambaye leo anajulikana kwa hadithi za kutisha. Hakuwa amemaliza shule ya sekondari, na tangu mwaka 1908 alikuwa ameishi karibu kama mtawa nyumbani kwao. Hakuingia United mwaka 1914 kwa sababu ya mashine, bali kwa sababu ya ugomvi: barua zake za kushambulia hadithi za mapenzi katika jarida la Argosy zilizua majibizano, na Edward Daas, mwanachama wa United, akamwalika. Mwaka huohuo alikabidhiwa idara ya uhakiki, ambayo ilisoma magazeti ya wanachama na kuchapisha tathmini ya kila moja, sarufi, mizani na hoja pamoja. Mwanachama aliyetunga shairi lenye vina vibovu aliambiwa hivyo hadharani, mbele ya wenzake wote. Uhakiki wa namna hiyo mara nyingi mwandishi wa kulipwa haupati, kwa kuwa mhariri wake humkataa bila maelezo au humchapisha bila maelezo.

Aprili 1915 Lovecraft alianza kutoa gazeti lake, The Conservative, na humo akaandika mambo ya kibaguzi kuhusu rangi na asili za watu, mambo yasiyostahili utetezi wowote. Charles Isaacson, mwanachama Myahudi, alimjibu katika gazeti lake la In a Minor Key, na James Ferdinand Morton, ambaye mwaka 1906 alikuwa ameandika kijitabu cha kupinga chuki ya rangi, akamkabili kwa ukali zaidi. Magazeti haya yaliandikwa kwa sababu ya magazeti mengine. Ukilitoa The Conservative katika mfululizo huo linabaki kijitabu cha mtu mmoja mwenye maoni mabaya, lakini ukilirudisha mahali pake linaonekana kuwa upande mmoja wa mabishano ambamo upande wa pili ulikuwa na nafasi sawa ya kusikika. Morton baadaye alikuwa mmoja wa marafiki wa karibu wa Lovecraft. Urafiki huo haukumponya ubaguzi wake, lakini unaonyesha kwamba mabishano yaliwaunganisha watu ambao wasingekutana vinginevyo.

Pingamizi zito linatokana na historia ya vyama vyenyewe. Kijana mweusi alipochaguliwa kuwa mmoja wa makamu wa rais wa National mwaka 1879, baadhi ya wanachama wa majimbo ya Kusini walijitenga. Inaweza kudaiwa, basi, kwamba kubadilishana kulikuwa jina zuri la klabu iliyofungwa. Dai hilo lina ukweli, na wanaoviita vyama hivi mfano safi wa demokrasia wanapaswa kulijibu kabla ya kusifu. Hata hivyo kujitenga kwenyewe kunathibitisha uzito wa uanachama. Waliojitenga walibaki na mashine zao, na hakuna aliyewazuia kuchapa; walichokikataa ni kudaiwa jibu na mtu mweusi kama mwenzao.

Mwaka 1937 Donald Wollheim na John Michel walianzisha Fantasy Amateur Press Association kwa wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi, na hapo wajibu uliandikwa kwa tarakimu. Mashine ya herufi ilikuwa imezipisha mashine za kudurufu zenye stensili, na idadi ya wanachama iliwekewa kikomo, ambacho baadaye kilifikia 65. Kila mmoja alituma nakala za kutosha kwa mhariri wa chama, aliyezipanga katika mafurushi na kumrudishia kila mwanachama furushi moja lenye machapisho ya wote. Utaratibu huo unafanana na upatu, ambamo asiyetia hapokei: mwanachama asiyetimiza kurasa nane kwa mwaka alipoteza nafasi yake, na waliotaka kuingia walikaa katika orodha ya kusubiri. Teknolojia ilibadilika kabisa na wajibu ukabaki, jambo ambalo maelezo ya mashine hayana namna ya kulieleza.

Matokeo ya hoja hii yanagusa pia kazi ya maktaba. Mkusanyo mkubwa ulioanzishwa na Edwin Hadley Smith, ambao sasa umo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, ukisomwa gazeti moja moja kwa jina lake unampa mtafiti maelfu ya kurasa za vijana na watu wazima waliojisemea peke yao. Usomaji sahihi ni wa kufuata majibu, yaani kuyaweka pamoja matoleo yaliyojibizana, la Isaacson kando ya la Lovecraft na tathmini ya idara ya uhakiki katikati yake, na orodha za maktaba zinapaswa kupangwa upya kwa mantiki hiyo hata kama kazi yenyewe itachukua miaka.