Picha za Vita na Raia wa Ugogo

Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Nasi twaongeza kuwa mpiga picha aendaye kuwatazama tembo ni nadra kuielekeza kamera yake chini, penye nyasi. Historia ya Ugogo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia yathibitisha jambo hili.

Mjerumani Walther Dobbertin, aliyekuwa mpiga picha mjini Dar es Salaam kabla ya vita, aliingia katika jeshi la wakoloni pamoja na kamera yake. Aliwapiga picha askari wa Kiafrika na maofisa wao, mstarini na kambini, na mwaka 1932 akazitoa kitabuni. Hatuzibezi picha hizo. Bila hizo tusingeziona nyuso za babu zetu waliokabidhiwa bunduki ili wapiganie ugomvi usio wao. Lakini kitabu kile kilitungwa kuwasifu askari wa Lettow-Vorbeck mbele ya Wajerumani. Mwenye tembe, aliyekaa mlangoni akiyatazama majeshi yakipita, hakuwa na nafasi ndani yake.

Je, mwenye tembe huyo alipatwa na nini? Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Waingereza, chini ya Jenerali van Deventer, yaliingia Kondoa Irangi. Tarehe 29 Julai yakaiteka Dodoma, mji wa reli. Wajerumani kwanza, kisha Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Ieleweke kwamba kwa Mgogo ng'ombe alikuwa ghala: mtama ukikauka shambani, alibadilishwa kwa chakula. Basi mvua zilipokosekana, ghala lilikuwa limekwisha kuporwa, na mikono ya kulima ilikuwa safarini chini ya mizigo ya wageni. Hiyo ndiyo njaa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Inakadiriwa kuwa kati ya watu 150,000 wa Ugogo, 30,000 walikufa.

Picha ya Mtunya hatujaiona. Sisi tuliokulia Ugogo tuliisikia kwa wazee wetu, kabla ya kuikuta vitabuni. Pale ambapo kamera haikufika, ulimi ulihifadhi. Lakini ulimi nao hufa pamoja na mwenyewe.

Katika Vita vya Kagera, vya mwaka 1978 na 1979, kamera ilikuwa tayari mikononi mwa Watanzania wenyewe. Ushindi wa majeshi yetu, yaliyoingia Kampala mwezi wa Aprili 1979, una picha zake. Lakini askari yule alikuwa na mama aliyebaki kijijini. Na wananchi wa Kyaka waliyakimbia makazi yao, kisha wakarudi kujenga upya. Picha zao, kama zipo, zimo katika masanduku ya nyumbani, na wenye kuzieleza wanazeeka. Zikusanywe leo, na majina yaandikwe nyuma yake, ili wajukuu wa Kagera wasiachiwe jina tupu la msiba kama tulivyoachiwa sisi Mtunya.