Mdudu wa Mchangani na Mtihani wa Darasa la Saba

Yupo mdudu mdogo wa kijivu ambaye watoto wengi wa mashambani wamewahi kumchokoza. Huchimba kishimo cha mviringo katika mchanga mkavu, akajifukia chini yake, kisha akangoja sisimizi ateleze na kumtumbukia mdomoni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mdudu huyu aliingia darasani, Kenya na kwingineko Afrika, akiwa na kijitabu chake mwenyewe. Jina la kijitabu lenyewe lilimtaka mwanafunzi amuulize mdudu. Anakula nini? Hurudi nyuma au huenda mbele? Ukimhamishia kwenye mchanga mbichi atachimba? Mwalimu hakutakiwa kujibu, na hilo ndilo lililomtia taabu.

Kijitabu hicho kilikuwa tunda la Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika, ulioanza mwaka 1965 kwa fedha za Marekani. Mizizi yake ni hofu. Warusi waliporusha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani walijiuliza shule zao zilikuwa zinafundisha nini, na wanasayansi kama Jerrold Zacharias, mwanafizikia wa MIT, wakapewa nafasi kubwa zaidi ya kubadilisha masomo. Mwaka 1962 wimbi hilo lilifika Entebbe, Uganda, kwa warsha ya kuandika vitabu vya hisabati. Sayansi ikafuata. Si kwamba watoto wetu walikuwa wakimngoja Mmarekani aje awafunze kuchokoa wadudu. Kilichokuwa kigeni ni kuruhusiwa kufanya hivyo saa za masomo. Vifaa havikuwa ghali: mchanga, nyasi, karatasi, wino wa kujitengenezea.

Kenya tayari ilikuwa na jaribio jingine. Mwaka 1957 kituo maalumu jijini Nairobi kilibuni njia mpya ya kuwafundishia watoto wa Kiasia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwa michezo, vikundi na kazi za mikono badala ya kuimba pamoja yaliyoandikwa ubaoni. Njia hiyo ilienea hadi shule za Waafrika, na tume ya elimu ya Ominde ikaiunga mkono mwaka 1964. Lakini wazazi walichokipigania ni Kiingereza. Shule nyingi zilichukua lugha zikaacha michezo, hasa pale mwalimu alipokuwa na darasa lililofurika na mafunzo ya majuma machache.

Je, mbinu yenyewe ilifaa? Eleanor Duckworth, Mkanada aliyewahi kufanya kazi na Jean Piaget mjini Geneva, alipewa kazi ya kuutathmini mpango wa sayansi nchini Kenya, na akakataa kutunga mtihani wa maswali. Alijaza chumba vifaa vya kila namna, akaingiza watoto kikundi baada ya kikundi, akawaambia wafanye watakalo. Watazamaji waliandika kila mtoto alifanya mambo mangapi tofauti, na alifika umbali gani katika kila jambo. Watoto waliopitia mpango huo walibuni mengi zaidi, tena yenye undani, kuliko wenzao. Binafsi sijasikia tathmini ya elimu iliyonivutia kuliko hiyo.

Serikali haikuwa na chumba cha namna hiyo. Ilikuwa na CPE, mtihani wa kumaliza darasa la saba, wenye maswali ya kuchagua jibu, na sayansi ilibanwa pamoja na historia na jiografia katika karatasi moja. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, kwa hiyo alama moja ingeweza kumrudisha mtoto shambani. Mwalimu mwenye akili angetumia kipindi kizima kumtazama mdudu kwa sababu gani, ikiwa mtihani ungeuliza jina tu?

Aliyeligusa fundo hilo ni mtafiti H.C.A. Somerset, katikati ya miaka ya 1970. Badala ya kuwahubiria walimu, alishughulikia maswali: yakapungua ya kukariri, yakaongezeka ya kufikiri na ya kutumia maarifa ambayo mtoto wa kijijini angeweza kuyapata kwa macho yake. Shule nazo zikatumiwa maelezo ya wapi watahiniwa walikosea na kwa nini. Kwangu mimi, mageuzi hayo yalikuwa na nguvu kuliko vijitabu vyote, maana yalipitia mlango ambao walimu walikuwa wakiutazama.

Mwaka 1985 mtihani wa KCPE ulichukua nafasi ya CPE, na madaftari ya marudio yakanenepa. Mtaala wa umilisi ulipoanza rasmi mwaka 2019, wazazi waliolazimika kuunda vinyago vya kutishia ndege usiku walidhani wameletewa kitu ambacho Kenya haijawahi kukiona. Tofauti safari hii ni kwamba chujio lilihamishwa: KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na tathmini ya Gredi ya 6 haimzuii mtoto kuingia sekondari msingi. Chujio hilo sasa liko Gredi ya 9, ambako matokeo huchangia kwa sehemu kubwa kuamua mwanafunzi ataitwa shule gani ya sekondari ya juu, na maduka ya vitabu yameshapanga karatasi za majaribio za gredi hiyo mbele kabisa.