Sisi Waswahili wa Rumonge tuandikwe wapi?



Mwanafunzi wangu wa zamani alinijia baada ya Alasiri na fomu ya kazi. Alitakiwa kujaza kabila: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. "Ustadhi, babu yangu Mmanyema, bibi Mrundi. Niandike nini?"

Vijana wengi hawajui kwamba zamani swali hilo lilikuwa mwiko. Chini ya Micombero (1966-1976) na Bagaza (1976-1987), sote tuliambiwa ni Warundi tu, na anayetaja kabila ndiye mchochezi. Maneno matamu! Lakini tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka huku kwetu pwani, Rumonge na Nyanza-Lac, Watutsi wakauawa. Jeshi likajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima, hasa wasomi, hata wanafunzi walitolewa madarasani. Waliokufa wanakadiriwa kuwa laki moja, wengine husema laki mbili na zaidi. Basi nchi isiyo na makabila ilimjua kila mtu na kabila lake. Waliokimbilia Tanzania waliporudi baada ya miaka thelathini na zaidi, wengi walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine.

Na sisi je? Asili yetu ni wafanyabiashara wa Ujiji, Wamanyema wa Kongo na Warundi waliosilimu. Mbelgiji alitutenga katika mitaa yetu, kama Buyenzi kule Bujumbura. Katika Kirundi, kumwita mtu "umuswahili" mara nyingi ni kumwita mjanja na mwongo. Mtoto akitukanwa hivyo darasani hahesabiwi kuwa amebaguliwa, kwa kuwa Mswahili si kabila. Lakini vita ya 1993 ilipozigawa mitaa ya Bujumbura, Buyenzi ndiko Mhutu na Mtutsi walikoendelea kuishi pamoja.

Mkataba wa Arusha wa 2000 na katiba ya 2005 viliyataja makabila waziwazi; katiba ikaweka Bungeni Wahutu 60%, Watutsi 40%, na Watwa watatu. Mwaka 2018 hata mashirika ya kigeni yaliamriwa kufuata hesabu hiyo. Mimi naona heri hivi kuliko kimya cha zamani, maana kimya kilificha orodha. Ila Mswahili hana safu.

Tulisoma pamoja Suratul Hujurat, aya ya 13, inayotaja mataifa na makabila ili tujuane. Akaniuliza kama aya hiyo inajazwa kwenye fomu.

Nafasi ile aliiacha wazi. Fomu ikarudishwa.