Beethoven, mtunzi aliyeunganisha enzi mbili za muziki

LUDWIG van Beethoven alibatizwa mjini Bonn, Ujerumani, Desemba 17, 1770. Mnamo 1792 alihamia Vienna, Austria, akafunzwa na Joseph Haydn, gwiji wa mtindo wa kiklasiki uliothamini mpangilio na ulinganifu.

Kabla ya kutimiza miaka 30 alianza kupoteza uwezo wa kusikia. Katika waraka aliowaandikia nduguze mwaka 1802, alikiri kuwa nusura ajitoe uhai, ila sanaa ikamzuia.

Baadaye alitunga Simfoni ya Tatu, ndefu na yenye hisia kali, iliyofungua njia ya enzi ya kiromantiki. Simfoni ya Tisa, iliyoshirikisha kwaya, ilichezwa mara ya kwanza Mei 7, 1824, mtunzi mwenyewe akiwa kiziwi.

Alifariki Machi 26, 1827.