Kamba za Arecibo na Lugha ya Mwenyeji

Rais Kennedy wa Marekani alipotia saini amri ya kuunda Peace Corps tarehe 1 Machi 1961, hakuna aliyejua hasa kijana wa Kimarekani aandaliwe vipi kwenda kujitolea ng'ambo. Kundi la kwanza la Tanganyika, wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia 35, lilifunzwa mwaka huohuo katika chuo cha Texas Western, El Paso, kisha likapelekwa kwenye kambi ya msituni karibu na Arecibo, Puerto Rico. Waliopita kambini hapo walipanda miamba, wakateremka kwa kamba, wakatiwa majini wamefungwa mikono na miguu ili wajifunze kutozama. Kiswahili kilifundishwa pia, lakini kambi yenyewe inaonyesha waandaaji walichokiogopa zaidi: jua, pori na upweke. Mwenyeji, ambaye mgeni angekula naye na kubishana naye barabara ipite wapi, hakuhesabiwa katika mtihani ule.

Pengo hilo lilijitokeza upesi. Oktoba 1961, mjini Ibadan, wanafunzi wa chuo kikuu waliokota postikadi ya Mmarekani mmoja wa kujitolea wa Peace Corps, iliyoeleza maisha ya Wanigeria kwa namna iliyowadhalilisha. Wakainakili, wakaisambaza, wakaandamana. Mwandishi wake akarudi kwao. Alikuwa ameandaliwa Harvard, wala hakupungukiwa elimu. Alichokosa hakipatikani darasani kwao: mazoea ya kuishi na watu wanaoweza kukujibu.

Wapo watakaosema kwamba mchujo uliofanywa Marekani uliwakinga wenyeji dhidi ya wasiofaa. Ni kweli wanasaikolojia waliwachunguza wanafunzi wa Peace Corps na kuwaondoa baadhi kabla ya safari, na huenda madhara fulani yaliepukwa. Lakini walipima uvumilivu wa Mmarekani miongoni mwa Wamarekani. Heshima kwa mzee wa kijiji haipimiki hivyo. Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa mwanafikra Ivan Illich, aliyewaambia wanafunzi wa Kimarekani nchini Mexico mwaka 1968 kwamba wasiende kabisa kusaidia. Waende kutazama na kujifunza. Nakubaliana naye kuhusu safari za likizo za vijana wasiojua hata lugha ya wanaowaendea. Hata hivyo, Illich mwenyewe aliendesha kituo cha kufundisha Kihispania mjini Cuernavaca, na kazi hiyo yatosha kuonyesha kwamba kwake pia mlango wa kwanza ulikuwa lugha.

Peace Corps iliondoka Tanzania mwaka 1969, ikarudi 1979. Kati ya miaka hiyo utaratibu wake ulikuwa umegeuka katika nchi nyingi: mafunzo yalihamishiwa kwa wenyeji, mwanafunzi akilala katika nyumba ya familia na kufundishwa na walimu wa nchi hiyo. Mabadiliko hayo nayaona makubwa kuliko yote, kwa sababu yaligeuza mamlaka. Mgeni anapotahiniwa Kiswahili leo kabla ya kuanza kazi, anayemsikiliza na kumpa alama ni Mtanzania.