Mseja wa Mwadui na siku 50 za Kaab bin Malik: kuwa peke yako si kuwa mkiwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la leo ni refu kidogo. Lisome taratibu, kwani limetokana na swali ambalo nililijibu vibaya.

Wiki tatu zilizopita, baada ya sala ya Isha hapa Maganzo, kijana mmoja alinisubiri mlangoni nikiwa natafuta viatu vyangu. Ni mgeni. Amekuja kutafuta almasi kama wanavyokuja wengi, anachekecha mchanga mchana na usiku analala geto na wenzake. Akaniambia: “Sheikh, wanasema yule mzungu wa Mwadui aliishi peke yake na almasi zote zile. Mimi nipo na wenzangu wanane chumba kimoja, na sijapata hata punje. Mbona naona mimi ndiye niliye peke yangu? Nyumbani sijapiga simu mwaka wa tatu huu. Nitamwambia nini mama?”

Nilikuwa na haraka. Nikamwambia asome nyiradi za jioni na azidishe istighfari, Mwenyezi Mungu atamfungulia. Nikapanda pikipiki nikaenda zangu kula. Maneno niliyomwambia ni ya haki, lakini hayakuwa jibu la alichouliza. Leo najaribu kujibu.

TUANZE NA MANENO

Kiswahili chetu kimetupa maneno mawili ambayo tunayachanganya. Upweke ni hali ya kuwa peke yako, basi. Unaweza kuwa nao shambani, safarini, au usiku unaposimama kuswali tahajudi, na ukitokea kwa hiari tunauita faragha. Ukiwa ni jambo jingine. Mkiwa ni mtu aliyekosa wa kumwegemea, na anaweza kuwa katikati ya soko la mnada. Waarabu nao wametenganisha hivyo hivyo: khalwa ni kujitenga, wahsha ni ule ubaridi wa moyo usio na mwenzake, na dawa ya wahsha wanaiita unsi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimuuliza mtu “unaishi na nani?” hujamuuliza hali yake. Umemuuliza idadi tu.

MSEJA WA MWADUI

Tuanze na mzungu aliyetajwa na kijana, kwa sababu historia yake iko hapa hapa, kilomita chache kutoka barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza tunayoishi kandokando yake.

John Thoburn Williamson alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1907. Alianza kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha McGill, akaiacha na kusomea elimu ya miamba, na mwaka 1933 akapata shahada ya udaktari. Katika miaka hiyo ya 1930 akaja Afrika, na hapa Tanganyika akafanya kazi katika kampuni ya almasi iliyokuwa Mabuki. Kampuni ilipokata tamaa na kutaka kuondoka, yeye alibaki. Akaendelea kutafuta akiwa na deni na malaria, na fedha zikimwishia mara kwa mara.

Mwaka 1940 ndipo almasi ya Mwadui ilipopatikana. Masimulizi ya jiwe la kwanza ni mengi, na mengine yana mbuyu ndani yake. Lililo wazi ni kwamba chini ya ardhi ile kulikuwa na mwamba wa almasi wenye eneo la hekta 146 juu yake, mmoja kati ya mikubwa kabisa duniani inayochimbwa.

Hapa nataka usimame kidogo. Vitabu vinapenda kusema mtu huyu aligundua Mwadui “peke yake”. Si kweli. Walikuwapo Waafrika waliochimba mashimo, waliobeba mchanga na kuuosha. Alikuwapo wakili wa Kihindi wa Mwanza, I. C. Chopra, aliyemsaidia kwa fedha na sheria akawa mshirika wake. Jina la Chopra limeandikwa. Majina ya wale waliobeba mchanga, wengi wao hayakuandikwa popote. Hivyo mtu anaweza kuitwa mpweke kumbe amezungukwa na watu, ila tu hawakuhesabiwa. Weka hilo moyoni, tutalirudia.

Utajiri ulikuja kwa kasi. Oktoba 1947 ilitoka Mwadui almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5 kabla ya kukatwa. Williamson akamzawadia binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth, aliyekuwa anaolewa Novemba ya mwaka huo. Ilipokatwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Mwadui nayo ikawa mji kamili ndani ya uzio: nyumba, hospitali, shule na maduka.

Na mwenyewe? Hakuoa. Waandishi waliomwandika walimtaja kuwa mtu aliyejitenga, asiyependa makundi wala kuonekana. Watu wa dunia nzima walilijua jina lake, na yeye alibaki Mwadui. Alifariki hapo hapo tarehe 8 Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50, na akazikwa Mwadui. Mgodi ukaenda kwa ndugu zake, na kabla mwaka huo haujaisha wakauuza kwa takriban pauni milioni 4, nusu kwa kampuni ya De Beers na nusu kwa serikali ya kikoloni ya Tanganyika.

Je, alikuwa mpweke tu, au alikuwa mkiwa? Ndugu zangu, yaliyokuwa moyoni mwake yako kwa Mola wake, na sisi hatukupewa kazi ya kumhukumu. Wako watu hawakuoa na nyoyo zao zimetulia. Mimi nachukua somo moja tu lililo wazi: uzio unaozuia wezi hauzuii ukiwa, na wala hauuleti. Ukiwa haupimwi kwa uzio, kwa mke, kwa watu wanane chumbani, wala kwa karati. Unapimwa kwa kitu kingine, na hicho ndicho tunakitafuta.

PANGONI

Sasa tazama upweke wa namna ya pili. Kabla ya wahyi, Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipendezeshwa kujitenga. Alikuwa akipanda Jabal Nur, nje ya Makka, akikaa katika pango la Hira mausiku kadhaa akiabudu. Mama Aisha (R.A.) ndiye aliyetusimulia, na katika masimulizi yake kuna jambo dogo ambalo wengi tunalipita: alikuwa anabeba chakula, na kilipokwisha alirudi kwa Bi Khadija (R.A.) kuchukua kingine.

Umeona? Pangoni alikuwa peke yake, lakini nyuma ya pango kulikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba kulikuwa na mtu anayejua yuko wapi na kwa nini. Na mwaka 610, malaika Jibril alipomjia na uzito ule ukamshukia, alikimbilia wapi? Aliteremka mlima akiwa anatetemeka mpaka kwa Khadija, akaomba afunikwe. Hakuona haya kuonekana na khofu mbele ya mkewe, naye akamtuliza, akamkumbusha wema wake kwa ndugu na wanyonge, kisha akampeleka kwa Waraqa bin Naufal.

Faragha ya Mtume ilikuwa na njia ya kurudi, na wahyi aliopewa faraghani ulimteremsha akawafundishe watu.

Karne kadhaa baadaye, Imam Ghazali aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 488 Hijria, sawa na 1095. Alikuwa na umaarufu na wanafunzi kwa mamia, lakini moyo umekauka. Akaenda Damascus, akawa anapanda mnara wa msikiti mkuu wa Bani Umayya na kujifungia mchana kutwa. Mwenyewe ameeleza kwamba kilichomvuta kurudi kwao ni wito wa watoto wake. Na mwaka 499 Hijria akarudi kufundisha, huko Nishapur. Hata huyu aliyeipenda khalwa kiasi hicho, aliiacha njia ya kurudi wazi.

SIKU HAMSINI

Namna ya tatu ndiyo ya kijana wetu. Na Uislamu haukuificha, umeieleza kwa mmoja wa Maswahaba.

Mwaka wa 9 Hijria, Mtume (S.A.W.) alitoka kwenda Tabuk wakati wa joto kali, matunda yakiwa yameiva. Kaab bin Malik (R.A.), mtu wa Madina, mshairi, mwenye afya na mali, alibaki. Kila siku alisema kesho nitawafuata, mpaka msafara ukamwacha. Mtume aliporudi, wanafiki walikuja na nyudhuru zao. Kaab akasema kweli: sikuwa na udhuru wowote.

Ikaja amri watu wasiseme naye, yeye na wenzake wawili, Murara na Hilal. Zile siku hazikuwa za jangwani. Kaab alikuwa Madina, mjini kwake. Aliswali jamaa, alizunguka sokoni. Anatoa salamu, hakuna anayejibu. Akapanda ukuta wa bustani ya binamu yake Abu Qatada, mtu aliyempenda kuliko wote, akamsalimia, kimya. Akamwapisha kwa Mwenyezi Mungu, je, hujui kwamba nampenda Allah na Mtume wake? Akarudia, na mara ya tatu akaambiwa tu kwamba Allah na Mtume wake ndio wajuao. Machozi yakamtoka, akageuka.

Qur'ani katika Surat At-Tawba, aya ya 118, imeieleza hali yao: ardhi pamoja na upana wake iliwabana, na hata nafsi zao ziliwabana. Huo ndio ukiwa, ndugu yangu. Mji mzima, na huna pa kuweka moyo.

Katika hali hiyo ikamjia barua kutoka kwa mfalme wa Ghassan: tumesikia bwana wako amekutupa, njoo kwetu tukufariji. Kaab akaona huo ni mtihani mwingine, akaitupa barua kwenye tanuri. Vijana, hapa ndipo penu. Mtu akiwa mkiwa barua haichelewi kuja. Kwenu haiji na muhuri wa mfalme. Inakuja na chupa, na bangi, na rafiki wa usiku anayesema njoo kwetu, sisi ndio ndugu zako. Ichome.

Siku ya hamsini, baada ya Alfajiri, Kaab akiwa juu ya paa la nyumba yake, alisikia mtu akipaza sauti kutoka mlima Sal'i kumbashiria: toba imekubaliwa. Akakimbilia msikitini. Watu wamekaa na Mtume. Talha bin Ubaydillah (R.A.) akasimama, akamkimbilia, akampa mkono na kumpongeza. Kaab anasema katika Muhajirina hakusimama mwingine ila yeye, na hilo hakulisahau kwa Talha maisha yake yote.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu zangu, weka watatu hawa pamoja. Mtume pangoni alikuwa na Mola wake na alikuwa na Khadija. Kaab sokoni alikatiwa watu, lakini hakumkatia Mola wake, ndiyo maana barua aliichoma. Na mtu wa Mwadui alikuwa na watu wengi kandokando yake ambao historia haikuwahesabu.

Basi tofauti ya mpweke na mkiwa iko kwenye maswali mawili. La kwanza: ukibaki peke yako, unazungumza na nani? Anayemkumbuka Allah faraghani mpaka macho yakatoka machozi, Mtume ametuambia ni katika wale saba watakaokuwa kivulini Siku ya Kiyama. La pili: ukiteremka mlima, nani anakufungulia mlango? Na si dhambi kulilia jambo hilo. Nabii Zakariya (A.S.) alimwomba Mola wake asimwache peke yake, na akajibiwa.

Kwa kijana aliyeniuliza: wewe hukukosa watu, umekosa njia ya kurudi, na aliyeifunga ni aibu. Umejiambia huwezi kupiga simu mpaka upate jiwe. Kaab alirudi mikono mitupu, hana alichobeba ila ukweli, na ukweli ndio uliomwokoa. Mama hangojei almasi. Mwambie: mama, sijapata kitu, ni mzima. Hiyo ndiyo simu anayoisubiri.

Na kwangu mimi na wewe tunaoswali safu ya mbele: kosa ni letu. Nilimpa kijana nyiradi, nikamnyima mkono. Sikumuuliza hata jina. Nimewafanyia wachekecha mchanga wa leo kile kile ninachowalaumu waandishi wa historia kuwafanyia wa 1940.

Juzi nilikwenda kwenye geto lake. Wenzake wakaniambia ameondoka, ameelekea upande wa Geita, kuna mahali wamesikia dhahabu imetoka. Namba yake hawana.

Kwa hiyo ndugu unayesoma haya ukiwa Katoro, Nyarugusu, Kakola au popote kwenye machimbo: ukitoa salamu ya mwisho ya sala, geuka kulia na kushoto. Ukiona kijana mgeni, usimwachie kazi hiyo imamu. Simama kama Talha. Mpe mkono, muulize jina lake, muulize kwao wanasemaje. Huenda ni yule wangu. Na kama si yeye, ni wa mtu mwingine.

Ewe Mola wetu, tupe unsi wako tunapokuwa peke yetu, wala usitufanye wakiwa katikati ya watu, wala usitufanye sababu ya ukiwa wa mtu. Wafungulie vijana wetu walioko machimboni riziki ya halali na njia ya kurudi makwao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.